Mwongozo wa Kumtafuta Aliyepotea kwa Ndege Isiyo na Rubani

Mtu anapopotea, awe ni mtoto aliyefuata mbuzi malishoni akapitiwa na usiku, au shaibu aliyetoka nyumbani alfajiri na kumbukumbu ikamwacha njiani, au mvuvi ambaye ngalawa yake imerudi ufuoni bila yeye, kitu cha kwanza kinachoanza kupungua ni wakati. Na kwa kuwa wakati haununuliwi, majeshi ya polisi ya nchi nyingi yameingiza katika kazi ya utafutaji na uokoaji chombo kiwezacho kutazama kwa dakika 20 eneo ambalo watu waendao kwa miguu wangelimaliza kwa saa nyingi. Chombo hicho ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ambayo wengi huiita droni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe utakayekabidhiwa kuisimamia kazi hiyo: ofisa wa polisi, askari wa zimamoto na uokoaji, mhifadhi wa mbuga, na hata kiongozi wa kijiji au mtaa, ambaye aghalabu ndiye wa kwanza kubishiwa hodi na wenye msiba. Muradi wake ni mmoja, nao ni huu: droni humwonyesha mtafutaji pa kwenda, lakini haimpi hoja ya kuacha. Ukiishika kanuni hiyo, chombo hiki kitakuwa auni adhimu mikononi mwako. Ukiisahau, utaweza kuufunga msako ilhali mtu yu hai chini ya kichaka ulichokwisha kupita juu yake.

Yaliyothibitika kwa vitendo

Mwezi Mei 2013, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, gari lilipinduka usiku, na dereva wake, aliyekuwa amejeruhiwa, akatoka akapotelea gizani katika baridi kali. Helikopta iliyokuwa na vyombo vya kuonea usiku ilimtafuta isimpate. Baadaye, simu yake ilipowawezesha polisi kukadiria mahali alipo, walirusha droni yenye kamera ya joto, wakaona alama za joto kadhaa, na moja katika hizo ikawa ni yeye, amejikunyata chini ya mti, hajitambui. Februari 2018, polisi wa Lincolnshire nchini Uingereza walifika penye ajali ya gari usiku wa baridi, wasimwone dereva. Droni yao ikamfichua ndani ya mtaro wenye kina cha futi 6 hivi, mita zipatazo 160 kutoka gari, amezimia na mwili umekwisha kupoa.

Ukizipima kadhia hizi mbili utaona kwamba ndege haikurushwa ovyo. Ilirushwa mahali ambapo habari nyingine, simu huku na gari lililoharibika kule, zilikuwa zimekwisha kupabana pakawa padogo; tena baridi ya usiku iliufanya mwili wa mwanadamu ung'ae mbele ya kamera kuliko vyote vilivyouzunguka. Masharti hayo yasipokuwapo, chombo huwa ni kile kile, lakini matokeo hayawi yale yale.

Matayarisho kabla ya siku ya msiba

Usingoje kilio ndipo utafute kibali. Nchini Tanzania droni yahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, na nchini Kenya zipo kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo. Kwa hiyo kikosi chako sharti kiwe na ruhusa za maandishi zilizokwisha kupatikana, orodha ya marubani waliofuzu, na nambari ya simu ya mwongoza ndege wa zamu katika kiwanja kilicho karibu, ili siku ya haja mazungumzo yawe ya dakika mbili badala ya siku mbili. Mpaka wa kawaida wa kuruka katika nchi nyingi ni mita 120, yaani futi 400, juu ya ardhi; nao hautakubana, maana kama utakavyoona, kazi ya kumtafuta mtu aghalabu hufanywa chini ya hapo.

Kuhusu mafunzo, usidhani kwamba elimu hii ni ya wageni peke yao. Tangu mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni kwa ajili ya ramani mpya, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha. Kilichobaki ni mazoezi mahsusi ya uokoaji: mlaze mwenzako porini, amevaa nguo za rangi ya udongo, umtafute mchana, jioni na usiku wa manane, kisha uandike kwa ukweli ni mara ngapi ulimwona na ni mara ngapi ulimpita. Daftari hilo litakufaa siku ya haja, kwa kuwa litakuambia macho yako yana uwezo gani katika ardhi ya kwenu.

Betri moja hudumu kati ya dakika 20 na 40 kwa kadiri ya chombo, upepo na uzito. Basi chukua betri zisizopungua sita na jenereta au chaja ya gari, na uirudishe ndege ikiwa imebakiwa na robo ya nguvu. Katika miinuko mirefu kama ya Kilimanjaro, ambako hewa ni nyepesi na usiku ni wa barafu, mapanga hufanya kazi zaidi na betri huchoka upesi, kwa hiyo ongeza akiba hiyo.

Uliza kwanza, ruka baadaye

Kabla mapanga hayajazunguka, keti na jamaa wa aliyepotea, kwa upole na bila kuwatuhumu, uwaulize: alionekana mwisho wapi, saa ngapi, na nani? Amevaa nguo za rangi gani? Anayo simu, na je, inaita? Anatumia dawa gani? Anasikia vizuri? Ni mahali gani hupapenda, au alipata kuishi zamani, au alikopotelea siku nyingine? Majibu haya yana thamani kuliko kamera, kwa sababu ndiyo yatakayokuambia kamera ielekezwe wapi.

Robert Koester, Mmarekani aliyekusanya habari za maelfu ya misako na kuitolea mwaka 2008 kitabu kiitwacho Lost Person Behavior, alionyesha kwamba watu hawapotei kwa namna moja. Mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu huelekea kwenda mbele moja kwa moja mpaka akwame katika kichaka, ua au korongo, wala haitiki akiitwa. Basi tazama kingo za njia na mahali pa kukwama. Mtoto mdogo sana hutafuta mahali pa kujisitiri akalala, na pengine hujificha asikiapo sauti ngeni. Mwenye jitimai aliyetoka kwa nia ya kujidhuru mara nyingi hayuko mbali na nyumbani. Usizichukue kanuni hizi kama hukumu. Zichukue kama mahali pa kuanzia, kisha uzilinganishe na maneno ya mama mzazi au jirani, anayemjua mtu huyo kuliko kitabu chochote.

Kuigawa ardhi

Pata ramani, au chora moja kwa msaada wa wazee wa mahali, uigawe katika sehemu kwa mipaka inayoonekana: mto, barabara, mstari wa miti, reli. Kila sehemu ipe herufi, na kila herufi ipe makadirio ya nafasi ya mtu kuwamo, jumla yake ikiwa 100. Ilmu hii ina asili yake: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwanahisabati Bernard Koopman aliitengeneza kwa jeshi la majini la Marekani, lililokuwa likitafuta nyambizi za adui, na hadi leo waokoaji huifuata.

Hesabu yake si ngumu. Ikiwa sehemu A ina nafasi 50 kati ya 100, na mazoezi yenu yamekuonyesha kwamba katika pori la namna ile ndege yenu humwona mtu mara 60 kati ya 100, basi msako wa sehemu A una tumaini la 30 kati ya 100. Sasa tuseme mmeruka, hamkuona kitu. Wengi watasema, "A hayumo." Lakini pima: nafasi ya kuwa yumo na mmempita ni 20, na nafasi ya kuwa yuko sehemu nyingine ni 50, kwa hiyo katika hizo 70 zilizobaki, A ingali na 20, yaani karibu 29 katika kila 100. Imepungua, haikufutika. Huenda sehemu B, iliyokuwa ya pili, sasa imekuwa ya kwanza, na hapo ndipo pa kwenda. Ila A itarudiwa, kwa saa nyingine, kwa kamera nyingine, au kwa miguu.

Urefu, mwendo na njia

Tamaa ya kupanda juu ili kuona mbali ndiyo inayowapotosha marubani wapya. Kamera yenye pembe ya nyuzi 60, ikiwa mita 50 juu ya ardhi, huona upana wa mita zipatazo 58. Kama ni kamera ya joto yenye nukta 640 kwa upana, kila nukta hubeba sentimita 9 za ardhi, na mtu mzima aliyelala huwa alama ya nukta zipatazo 19 kwa 5, ambayo jicho lililozoea huitambua. Ipandishe ndege hiyo hiyo hadi mita 120, upana utakuwa mita 139, lakini mtu yule yule atakuwa nukta 8 kwa 2, alama ambayo ni vigumu kuitenga na ya mbuzi.

Ruka kwa njia sambamba, kama mkulima apaliliavyo tuta kwa tuta, wala usizungukezunguke kufuata kila dhana. Kwa urefu wa mita 50, achanisha njia kwa mita 40 ili pande zipandane, uende mita 5 kwa sekunde. Hapo kwa dakika 20 utakuwa umetazama hekta 24, yaani karibu ekari 60, kabla ya kuondoa muda wa kugeuka. Kilomita moja ya mraba basi yataka betri tano hivi. Mweleze mkuu wako hesabu hii mapema, ili asiahidi mbele ya jamaa yasiyowezekana.

Penye milima, kumbuka kwamba urefu unaoonyeshwa kwenye kioo aghalabu huhesabiwa kutoka mahali ulipoondokea, si kutoka ardhi iliyo chini ya ndege kwa saa ile. Ndege iliyoondoka bondeni ikapanda mita 50 itaugonga mteremko ulio mbele yake. Na iliyoondoka kileleni itakuwa mbali mno na bonde, isione kitu.

Kamera ya joto na saa zake

Kamera ya joto huona tofauti: mwili ukiwa na joto zaidi ya ardhi, hung'aa; ukiwa sawa na ardhi, hutoweka. Ngozi ya mwanadamu huwa na nyuzi zipatazo 33, na katika nyika zetu wakati wa adhuhuri mchanga na majabali huupita kiwango hicho mbali, hata mtu akaonekana kama doa la baridi katika ardhi ya moto. Kila siku huwapo vilevile nyakati mbili, moja asubuhi baada ya jua kuchomoza na nyingine karibu na magharibi, ambapo joto la vitu hukaribiana na picha nzima ikawa ya kijivu. Kwa hiyo mchana tumia kamera ya kawaida, utafute rangi na umbo. Ya joto iweke kwa usiku, na saa zake bora ni zile za kuelekea alfajiri, ardhi inapokuwa imekwisha kupoa.

Hata usiku huo, mawe makubwa na vichuguu vilivyokunywa jua mchana kutwa vitang'aa, na ng'ombe, mbuzi na fisi watang'aa pia. Tazama umbo, tazama kama kinatikisika, kisha shuka na ukione kutoka upande wa pili kabla ya kuwakimbiza watu. Tena fahamu yale ambayo kamera ya joto haiwezi: haioni kupitia maji, wala kioo, wala bati, wala majani mazito. Chini ya mikoko, ndani ya shamba la migomba au msitu wa mvua, mbwa na miguu ya watu vitatangulia, na ndege itafuata kingo na mianya.

Watu wasiopungua watatu

Rubani huangalia ndege. Mlinzi wa anga husimama kando yake, akiitazama mbingu, nyaya za umeme, ndege wakubwa na umati unaojisogeza. Msomaji wa picha hukaa kivulini mbele ya kioo, hana kazi nyingine ila kutazama, naye abadilishwe kila betri inapobadilishwa, kwa maana macho huchoka kabla mwenye macho hajajua. Rubani anayejaribu kufanya kazi zote tatu atarusha ndege vizuri na asione kitu.

Mkuu wa msako awe mmoja tu, naye ajue kila chombo kilipo. Ikija helikopta, droni ishuke mara moja, bila mabishano. Wenyeji waliojitolea wapangiwe sehemu zao, kwa kuwa umati uliotawanyika usiku hujaza kamera alama za joto zisizohusika. Hata hivyo usiwadharau. Oktoba 2019, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mamia ya watu walimtafuta mtoto wa miaka sita usiku wa baridi, naye akaonekana akiwa na mbwa wake shambani kwa kamera ya joto ya droni iliyorushwa na raia aliyekuja kusaidia. Msaada huo ulifaa kwa kuwa uliungana na kazi ya wengine.

Juu ya maji

Ziwani na baharini, anza upande ambao upepo na mkondo vinampeleka mtu, wala using'ang'anie pale kilipozama chombo; pepo za kusi na kaskazi, na saa za kupwa na kujaa, wavuvi wa mahali huzijua, basi mweke mmoja wao karibu na msomaji wa picha. Liache jua nyuma yako ili mng'ao usikupofushe, na ukumbuke kwamba kichwa peke yake ndicho kitakachoonekana. Ndege yaweza hata kubeba boya: Januari 2018 huko Lennox Head, Australia, vijana wawili waliokuwa wakichukuliwa na mawimbi waliangushiwa boya na droni ya waokoaji wa pwani, wakalishika, wakafika nchi kavu.

Lakini mikono inayotoa watu majini ni ya walio majini. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliowahi, na watu 24 wakaokoka. Basi polisi wanamaji na wavuvi wawe na redio au simu moja na msomaji wa picha, ili akisema "kushoto, mita mia," mtumbwi ugeuke pale pale.

Anapoonekana

Usiondoke juu yake. Ibakize ndege ya pili au betri mpya tayari, uiache ya kwanza iwe alama hewani, na usiku uiwashe taa yake. Soma namba za mahali kwa sauti, na anayepokea azirudie. Na kwa sisi tukaao pande zote mbili za Ikweta, taja "kusini" au "kaskazini" kila mara, maana penye nyuzi 0.05 kosa la neno hilo moja humpeleka mwokoaji kilomita 11 mbali. Kama una kipaza sauti, mwache jamaa yake azungumze badala ya askari, amwambie atulie, asikimbie, watu wanakuja. Na iongoze timu kwa njia ipitikayo, ukiwaambia wapi pana korongo au mto uliofurika. Kwani ndege huona njia iliyonyooka ambayo miguu haiwezi kuifuata.

Picha ni amana

Utakachorekodi ni mtu katika saa ya udhaifu wake, pengine uchi, pengine maiti, na pembezoni mwake nyua za majirani wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ya Kenya ya mwaka 2019, zakulazimu kuzihifadhi picha hizo kwa madhumuni yaliyokusudiwa tu. Na kabla ya sheria, ubinadamu wakulazimu. Kioo kigeuzwe kisitazamwe na umati, picha zisipite katika simu za watu, na jamaa wapewe habari kwa mdomo wa mtu mwenye heshima, kabla haijawafikia kwa njia nyingine. Ndege iliyoitwa kuokoa isigeuzwe, siku hiyo hiyo, kuwa ya kupeleleza. Wananchi wakiona hivyo mara moja, mara nyingine hawatakuambia alikopita mtoto wao.

Asipoonekana

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na siku mbili baadaye fundi wake alitolewa ndani akiwa hai, mahali ambapo hewa ilikuwa imenaswa. Hakuna kamera ya joto ambayo ingelimwona kupitia chuma na maji. Aliokoka kwa kuwa watu hawakuacha kuingia. Hicho ndicho kipimo cha kila taarifa ya "hatukuona kitu."

Kwa hiyo baada ya kila safari andika: sehemu gani, saa ngapi hadi saa ngapi, urefu gani, kamera ipi, hali ya hewa, mahali palipozibwa na miti au vivuli, na makadirio yako ya kweli ya uwezo wa kuona. Picha zilizopigwa zipitiwe tena mchana na macho mengine, mraba kwa mraba. Zamu ikibadilika, daftari hilo likabidhiwe mkono kwa mkono, likisomwa mbele ya anayepokea, ili asianze upya wala asiiruke sehemu kwa kudhani imekwisha. Na ikifika siku ambayo wakubwa wataamua kupunguza msako, waamue daftari likiwa mezani, wakijua ni sehemu zipi zilizotazamwa vyema, zipi kwa shida, na zipi hazikutazamwa. Kisha wawaambie jamaa hayo hayo, bila kuongeza tumaini wala kupunguza ukweli.